Kusomea uuguzi wa afya ya akili kwa nusu muda hapa Uingereza huku nikiendelea na kazi: ni njia ipi inayowezekana?

Mama wa Zamu ya Usiku (Leicester)

Ndugu wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za siku. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, nami ningependa kujibiwa na watu walioipita njia hii kwa miguu yao wenyewe.

Mimi ni Mtanzania, umri wangu ni miaka 38, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu hapa Uingereza. Kwa miaka 4 sasa nimekuwa msaidizi wa wauguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, nikishika zamu 3 za usiku kwa wiki, kila moja saa 12. Kazi yenyewe wengi wenu mnaijua: kukaa na mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake, kupita wodini kila baada ya dakika 15 na kuandika kila mtu yuko wapi na yuko katika hali gani, kupima shinikizo la damu, kusaidia kuoga na kula, na zaidi ya yote kuzungumza na watu saa ambazo dunia nzima imelala.

Kilichonisukuma ni usiku mmoja ambapo mgonjwa aliyelazwa kwa hiari yake alisimama mlangoni akidai kuondoka, naye alikwisha kuniambia mambo yaliyonitia hofu juu ya uhai wake. Nilikuwa nimekaa naye kwa muda wa saa 2, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kumzuia ni muuguzi wa zamu, kwa kifungu cha 5(4) cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kinachomruhusu muuguzi wa fani hii kumzuia mgonjwa aliyelazwa kwa muda usiozidi saa 6 ili daktari apate kufika. Muuguzi alinisikiliza, akaamua, akajaza fomu. Asubuhi nikapanda basi kurudi nyumbani nikijiuliza kama nitakubali kuwa mtu wa kwenda kumwita mwenye uamuzi kwa miaka 20 mingine.

Siwezi kuacha mshahara. Mume wangu ni dereva wa lori na mara nyingi hayupo nyumbani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto wetu wana miaka 6 na 9. Nyumbani Tanzania nilisoma stashahada ya ualimu wa shule ya msingi, ila Hisabati ya kidato cha nne nilipata F, jambo ambalo sioni sababu ya kulificha. Je, kusoma kwa nusu muda kunawezekana kweli katika uuguzi, au ni jina tu? Nani analipa? Na je, nitafika nikiwa na miaka 45?

Mwana wa Korogwe (Milton Keynes)

Dada yangu, pole na kazi za usiku. Mimi nilisoma kwa nusu muda kupitia Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, Open University, ambacho kina shahada ya uuguzi katika fani zote 4: watu wazima, watoto, ulemavu wa kujifunza, na afya ya akili. Nilianza nikiwa msaidizi kama wewe, nikamaliza baada ya miaka 4.

Jambo la kwanza ni neno lenyewe, kwa sababu lilinidanganya mimi pia. Baraza la Wauguzi na Wakunga la hapa, NMC, linataka mwanafunzi akamilishe saa 4,600 kabla ya kusajiliwa, nusu zikiwa za nadharia na nusu za vitendo. Anayesoma kwa nusu muda hapunguziwi hata saa moja. Anachopewa ni kalenda ndefu zaidi ya kuzigawa saa zilezile. Kwa hiyo saa 2,300 za vitendo zinakusubiri, na ingawa vyuo vimeruhusiwa kufundisha hadi saa 600 kati ya hizo kwa mazoezi ya kuigiza, yaani kwa midoli ya kitabibu na waigizaji wanaojifanya wagonjwa, zilizobaki ni za wodini na mitaani, kwa zamu za kweli, zikiwemo za usiku na za mwisho wa wiki.

Nadharia ndiyo iliyonifaa kwa mtu mwenye familia. Nilisoma mezani jikoni watoto wakishalala, na insha nyingi niliziandika kati ya saa 10 alfajiri na saa 12 asubuhi. Chuo hiki lakini hakikuchukui hivi hivi tu: kwa kawaida lazima uwe umeajiriwa katika huduma za afya na mwajiri wako akubali kukudhamini, kwa maana ya kukuachia muda wa mafunzo kwa vitendo na kukutafutia nafasi. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni wa mkuu wa wodi yako, kabla hata ya kufungua tovuti ya chuo.

Sasa nikueleze lililonisumbua, ili lisikusumbue. Mwanafunzi akiwa katika mafunzo kwa vitendo hahesabiwi katika idadi ya wafanyakazi wa zamu. Yupo kujifunza, si kuziba pengo. Hiyo ni kanuni. Nilipofanyia mafunzo katika wodi niliyokuwa nimeajiriwa, wenzangu waliendelea kuniona kama yule msaidizi wa siku zote: mgonjwa akihitaji mtu wa kukaa naye, jina langu ndilo lililotajwa, na wakati huo mwanafunzi mwenzangu aliyetoka chuo kingine yuko kwenye kikao cha madaktari anasikiliza jinsi dozi ya lithiamu inavyopangwa kwa vipimo vya damu. Nilinyamaza wiki 3 kwa heshima. Ilikuwa heshima isiyo na faida, kwa sababu kitabu changu cha kutiliwa saini ujuzi niliojifunza kilibaki kitupu. Nilipomweleza msimamizi wangu wa mafunzo, mambo yalibadilika ndani ya siku 2. Basi omba mapema upangiwe mbali na wodi yako.

Tena usidhani utakuwa ukizungumza tu. Mwanafunzi wa fani yoyote anafundishwa pia kazi za mwili, kama vile kutoa damu, kuweka mpira wa mkojo na kusikiliza mapafu, kwa kuwa mgonjwa wa akili naye ana moyo, figo na sukari. Mimi nilipelekwa wodi ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau, timu ya dharura inayowatembelea watu majumbani, na wodi ya kawaida ya hospitali kuu, ambako nilijiona mshamba kabisa wiki ya kwanza. (Nimezaliwa si mbali na Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko milimani kwetu tangu enzi za Wajerumani, na utotoni tulitishiwa kupelekwa huko tukikosa adabu. Mama yangu bado haamini kwamba nimeisomea kazi hiyo kwa hiari.)

Muuguzi wa Reading

Dadangu wa Leicester, karibu sana. Mimi ni Mkenya, na nakubaliana na kaka wa Korogwe kuhusu saa, lakini kuhusu fedha ningekuelekeza kwanza kwenye uanagenzi wa shahada ya uuguzi. Katika mpango huu unabaki mwajiriwa, mshahara unaendelea kuingia kila mwezi, na ada ya chuo hulipwa kupitia tozo ya uanagenzi ambayo waajiri wakubwa hapa England wanaitoa kwa lazima. Wewe hukopi hata senti. Kwa kawaida huchukua hadi miaka 4. Kwa mtu mwenye watoto na mume wa barabarani, sioni njia nyingine inayoikaribia hii.

Ubaya wake ni kwamba nafasi zinatolewa na mwajiri, na mwajiri hutoa anapotaka. Mimi niliomba mara 2 nikakataliwa bila maelezo, mara ya 3 nikaomba hospitali nyingine, wakanichukua. Pia usome mkataba wa mafunzo mstari kwa mstari, kwa sababu baadhi ya waajiri wanakutaka ubaki nao kwa kipindi fulani baada ya kufuzu, la sivyo urudishe sehemu ya gharama. Mtu aliyekwisha kupanga kuhamia karibu na ndugu zake anaweza kujikuta amefungwa.

Kuna pia ngazi ya katikati, ile ya muuguzi mshiriki, ambayo ilianzia England na ambayo wa kwanza wake walisajiliwa Januari 2019. Unasoma miaka 2, unapanda hadi ngazi ya mshahara iitwayo Bendi 4, halafu mafunzo hayo yanahesabiwa unapoendelea kuelekea uuguzi kamili, hivyo husomi kila kitu upya. Wengi wanaisifu kwa kuwa kila hatua ina cheti chake, na mtu akilazimika kusimama, hasimami mikono mitupu. Mimi naiogopa kidogo. Nimewaona wenzangu waliofika Bendi 4 wakakaa hapo miaka, kwa sababu wodi ilishapata mtu wa kutoa dawa kwa mshahara mdogo zaidi na haikuona haraka ya kumpandisha. Tena, kwa kuwa ulikitaja kifungu cha 5(4): muuguzi mshiriki hana mamlaka hayo. Ikiwa kilichokusukuma ni usiku ule wa mlangoni, hakikisha mwajiri ameandika kwenye makubaliano kwamba utaendelea hadi mwisho.

Kuhusu Hisabati, usitishike. Kwa mtu mzima hapa England asiye na GCSE, yaani cheti cha sekondari cha hapa, kuna kozi ya Stadi za Msingi Ngazi ya 2, ambayo wakaazi kama wewe husoma bila malipo katika vyuo vya jamii, nao waajiri wengi na vyuo vikuu vingi huikubali. Kabla ya kuianza, tuma vyeti vyako vya Tanzania kwa UK ENIC ili vilinganishwe na vya hapa. Huenda stashahada yako ikakuondolea mzigo wa kozi nyingine ya maandalizi. Ila usiichukulie Hisabati kama tiketi ya kuingilia tu. NMC inavitaka vyuo vyote vimpime mwanafunzi hesabu za dawa, na alama ya kufaulu ni asilimia 100. Si 99. Mwanzoni niliona ni ukatili, mpaka nilipoandaa sindano ya kwanza ya dawa ya muda mrefu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kijana wa Southampton

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina viza ya kazi ya huduma za afya na sijafikisha miaka 3 hapa. Je, maelezo haya yananihusu?

Muuguzi wa Reading

Mdogo wangu, kwa sasa kwa sehemu ndogo tu. Fedha za uanagenzi kwa kawaida humtaka mtu awe ameishi hapa miaka 3 kihalali. Viza ya mwanafunzi nayo hairuhusu shahada ya kwanza kwa nusu muda. Viza yako ya kazi haikukatazi kusoma, lakini lazima uendelee kutimiza kazi iliyokuleta, na chuo kitakutoza ada ya mwanafunzi wa kigeni bila mkopo wa serikali. Ukijumlisha na saa 2,300 za vitendo juu ya ajira kamili, hesabu haikubali. Tumia muda huu kumaliza Kiingereza na Hisabati, na utunze kila hati ya mshahara na ya makazi.

Bi Mkubwa wa Wodi (London)

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mkuu wa wodi, kwa hiyo ndimi yule ambaye mlango wake unabishwa. Mwanangu wa Leicester, nina mambo ambayo wenzako hawakuyagusa.

La kwanza ni kwamba usiikatae njia ya kusoma muda wote kabla ya kuipigia hesabu kwa kalamu. Tangu mwaka 2017, wanafunzi wapya wa uuguzi England walipoondolewa ruzuku ya zamani, wengi waliamini kwamba hakuna tena msaada. Upo, kuanzia Septemba 2020. Mwanafunzi anayestahili mkopo wa serikali hupata pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa, mwanafunzi wa afya ya akili huongezewa pauni 1,000, na mzazi mwenye watoto anaowalea anaweza kuongezewa pauni 2,000. Anayesoma kwa nusu muda hupewa ruzuku hiyo ya masomo kwa kiwango kilichopunguzwa, na aliye kwenye uanagenzi haimhusu, kwa kuwa analipwa mshahara. Ukiziweka fedha hizo pamoja na mkopo wa kujikimu na zamu moja ya ziada kwa wiki, familia nyingine zinaona afadhali kubana mkanda kwa miaka 3 kuliko kuchoka kwa miaka 5. Nyingine haziwezi. Mimi sijui mfuko wako, lakini nimeona watu wakichagua njia ndefu kwa sababu tu hakuna aliyewaambia bei ya ile fupi.

La pili ni usingizi, nalo nalisema kwa ukali wa mzazi. Wanafunzi walioshindwa mikononi mwangu, wachache sana walishindwa na masomo. Walikuwa wakimaliza zamu ya mafunzo saa 2 usiku, wanajiandikisha kwa wakala kwa zamu nyingine usiku uleule, na asubuhi wanakuja darasani wakiwa na macho mekundu. Wodi ya akili haina huruma kwa mtu aliyechoka. Ishara kwamba mgonjwa anaelekea kulipuka au kujidhuru ni ndogo: ameacha kujibu salamu, amebadilisha kiti, ameanza kutembea karibu na ukuta. Aliyepata usingizi wa saa 3 tu hazioni, na asipoziona mapema, jambo lililoweza kutulizwa kwa maneno linaishia kwa watu 5 kumdhibiti mtu kwa mikono. Kwa hiyo kabla ya kutia saini chochote, keti na mume wako mpange ni nani atakuwa na watoto katika zile wiki ambazo utapangiwa zamu za asubuhi zinazoanza saa 1, kwani mafunzo hayatakufuata usiku wako uliouzoea. Wengi hulisahau hili: zamu za usiku ndizo zilizokuwa zikiwalelea watoto.

La tatu ni la kwenda mbele. Shahada hii itakusajili katika fani moja. Hapa inatosha, na kazi haitakosekana. Lakini ukiwa na ndoto ya kuhamia Marekani, ujue kwamba kule muuguzi anasajiliwa kama muuguzi wa jumla, na wanataka kuona masomo na vitendo katika uuguzi wa watu wazima, uzazi, watoto na akili. Aliyesoma afya ya akili peke yake hukwama hapo. Kwetu Afrika Mashariki utaratibu nao ni tofauti, kwa sababu muuguzi kwa kawaida husoma uuguzi wa jumla kwanza, ndipo anapojiendeleza katika akili, kama wanavyofanya Kenya kwa stashahada ya juu ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC. Ukipanga kurudi kufanya kazi katika hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, tunza orodha ya saa na masomo yako yote tangu siku ya kwanza, kwani baraza la nyumbani litakuuliza.

Na kwa nini ninataka usome pamoja na haya yote? Takwimu za serikali hapa England zinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba watu weusi hulazwa kwa nguvu ya sheria kwa kiwango kinachozidi mara 3 cha wazungu. Nimekaa katika vikao ambavyo mwanamke wa kwetu alisema kichwa chake kinamwaka moto na moyo umemchoka, ikaandikwa kwamba analalamika maumivu ya kichwa. Lakini chunga: ukiwa mwanafunzi watakutaka uwe mkalimani wa bure kila akija mtu anayesema Kiswahili. Kataa kwa adabu, uombe aitwe mkalimani wa kazi hiyo, halafu wewe keti kwenye kikao kama muuguzi anayejifunza na useme unachokielewa kuhusu maneno yale.

Mwana wa Korogwe (Milton Keynes)

Bi Mkubwa, shikamoo. Hilo la zamu za usiku kuwalelea watoto limenigusa, kwani sisi ilibidi kumleta mama mkwe akae nasi miezi 5. Naongeza neno moja tu: dada, unapokwenda kwa mkuu wako wa wodi, usiulize kama unaweza kusoma. Uliza ni wangapi waliodhaminiwa na hospitali mwaka uliopita, wangapi kati yao walitoka wodi za akili, na dirisha la maombi linafunguliwa mwezi gani. Swali la kwanza hujibiwa kwa tabasamu, la pili kwa tarehe.

Mama wa Zamu ya Usiku (Leicester)

Marahaba kwa wadogo, na shikamoo Bi Mkubwa. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na jambo mkononi.

Mume wangu nami tuliketi Jumapili tukaandika hesabu za njia zote 3. Ile ya muda wote ilitukaribia kuliko tulivyodhani, lakini inatubana mwaka wa kwanza wakati tunamalizia deni la gari. Kwa hiyo nimeomba uanagenzi. Niliuliza maswali ya kaka wa Korogwe jinsi yalivyo, na mkuu wa wodi alikaa kimya kidogo, kisha akafungua kompyuta: dirisha linafunguliwa Januari, na mwaka uliopita walichukuliwa 6, wawili kutoka wodi za akili. Ameahidi kuniandikia barua. Nimeomba pia nitolewe usiku kwa majaribio, zamu za mchana kwa wiki 6, tuone nyumbani kutakuwaje kabla ya kujifunga. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, ya pili jirani yetu Msomali alikubali kuwapeleka watoto shule pamoja na wake.

Hisabati nimeianza, Jumanne na Alhamisi jioni. Sehemu ya kwanza ya mtihani hairuhusu kikokotoo, nami nilikuwa nimesahau kabisa kugawanya desimali. Mwanangu wa miaka 9 ndiye anayenisahihishia daftari, na jana ameniandikia kwa kalamu nyekundu: rudia namba 4.